Nilivyoomba Upepo Nzuguni

Sisi watu wa Mombasa tuna ujinga mmoja ambao kwetu ni akili: tukiingia katika nyumba mpya, kabla hatujauliza choo kiko wapi, tunauliza upepo unaingilia wapi. Nyanya yangu alipokwenda kumtazama mchumba wa kaka yangu, alirudi na habari mbili. Binti ana adabu, na chumba watakachokaa hakina upepo. Habari ya pili ndiyo iliyomkosesha usingizi.

Kwa akili hiyo nilihamia Dodoma. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, na kila mwenye jamaa Dubai alikuwa akileta radiokaseti. Rafiki yangu mmoja, dereva wa lori, aliniambia kwamba Tanzania bara imejaa redio na haina mafundi. Mafundi walikuwapo, tena wazuri kuliko mimi, lakini nilikuja kuligundua hilo baada ya kuvuka mpaka na begi la bisibisi na pasipoti yenye muhuri mpya. Mtu hawezi kurudi kwao siku ya tatu akasema nimekuta mafundi wengine. Nikaendelea mbele hadi Nzuguni, mashariki ya mji, wakati Nzuguni ilikuwa bado shamba kuliko mji, na umeme umeishia barabarani.

Nilifika mwezi wa pili, na Dodoma ya mwezi wa pili ni mwongo mkubwa. Mvua zilikuwa zimenyesha, uwele umefika kiunoni, hewa imeoshwa, ndege wanapiga kelele. Nilivuta pumzi nikajiona nimefika peponi, nikaona waliokuwa wakiisema vibaya Dodoma ni watu wasiojua kushukuru.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mjane wa Kigogo, mama wa miaka kama sitini, mwenye nyumba mbili katika kiwanja kimoja. Ya mbele ilikuwa ya matofali ya udongo na paa la bati, aliyoijenga ili apangishe. Ya nyuma ilikuwa tembe lake mwenyewe: nyumba ndefu iliyoinama chini, paa bapa la udongo, mlango unaotazama uani, na vitundu vya kupitisha ngumi badala ya madirisha. Nililitazama lile tembe kwa huruma. Nikajisemea, maskini mama wa watu, hajui raha ya dirisha.

Chumba changu kilikuwa na dirisha moja, la upande wa magharibi. Ukuta wa mashariki ulikuwa mzima. Nikaenda uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Chumba nimekipenda, ila hakina dirisha la upepo. Naomba tutoboe hapa." Nikaugonga ukuta wa mashariki.

"Upande huu?"

"Ndiyo, mama."

Akautazama ukuta, akanitazama mimi. "Upande huu wa mashariki?"

Nikamweleza. Nilimweleza mwanamke aliyeishi na upepo ule miaka sitini jinsi upepo unavyofanya kazi. Nakumbuka nilitaja neno afya mara nyingi, na kwamba nyumba isiyopitisha hewa ni kaburi. Nilisema haya nikiwa nimeegemea ukuta wa tembe lake.

"Upande huu huu?" akauliza mara ya tatu.

"Huu huu."

"Haya, mwanangu. Chumba umepanga wewe."

Fundi alikuja siku ile ile. Matofali yalitoka kwa urahisi wa ajabu, karibu bila nyundo, nami nikamsifu fundi kwa mkono mwepesi. Mama mwenye nyumba aliyaokota moja moja, akayapangusa, akayapanga nyuma ya tembe, akayafunika kwa kipande cha bati kuukuu. Nikaona ni ubahili wa watu wa bara, hawatupi kitu. Jioni niliweka wavu wa mbu kwenye dirisha langu, nikalala na kibaridi kikinipapasa uso, nikajiona mtu mwenye maarifa. Wala sikuweka ubao wa kufungia. Nani hufunga upepo?

Sasa nimtaje mke wangu, maana mambo yote haya yalikuwa kwa ajili yake. Tulikuwa tumeoana mwaka mmoja tu, na nilimwacha Mombasa kwa mama yake nikatafute maisha kwanza. Babake alikuwa kuli wa bandarini, mbeba mifuko ya saruji. Alikohoa miaka mitatu hadi akafa, na binti huyu ndiye aliyemshikia kopo la makohozi. Usiku na mchana alikaa kando ya kitanda akihesabu. Kila babake alipoanza kukohoa, yeye alihesabu kwa sauti ndogo hadi akome, ili ajue leo ni afadhali au ni vibaya kuliko jana. Nilipomwambia nakwenda Dodoma aliniuliza swali moja tu.

"Huko kuna vumbi?"

"Hakuna," nikajibu, mtu ambaye sikuwa nimevuka hata Voi.

"Basi sikiza. Siku utakayoanza kukohoa, mimi sikai nawe. Simuuguzi mwanamume mwengine wa kukohoa. Nimemaliza."

Nikaapa. Kuapa ni kwepesi kifua kikiwa safi.

Mwezi wa sita upepo nilioomba ulifika. Wiki ya kwanza niliusifu. Wiki ya pili niliamka nikakuta mto wangu mwekundu kwa vumbi, isipokuwa pale kichwa kilipokuwa. Kila asubuhi nilikuwa na picha ya kichwa changu. Sukari ilibadilika rangi, chai ikawa na mchanga chini, na nilipopiga mswaki povu lilikuwa la udongo. Upepo wa Dodoma hauvumi ukapumzika kama wa kwetu. Unavuma asubuhi hadi jioni, mwezi wa sita, wa saba, wa nane, wa tisa, na unakuja kutoka mashariki moja kwa moja bila kuuliza njia. Siku moja kisulisuli kiliingia dirishani, kikapasua wavu, kikazunguka juu ya meza yangu ya kazi na kutokea mlangoni. Kilipoondoka kilikuwa kimechanganya skrubu za redio saba.

Mtu mwenye akili angeweka ubao. Lakini mimi nilikuwa nimeshahutubia. Majirani walikuwa wakiniita Bwana Upepo, na jina hilo nililipokea kwa tabasamu nikidhani ni heshima. Ningepigilia ubao mbele ya yule mama aliyeniuliza mara tatu? Bora nife. Basi nikawa natundika shuka lililoloweshwa kwa upande wa ndani, ili kwa nje dirisha lionekane bado linafurahia. Kufika adhuhuri shuka lilikuwa limekauka na kuwa kama ukuta uliokandikwa udongo. Nilijipaka mafuta ya mgando puani. Nilijifunga leso usoni hata mteja mmoja akakataa kuingia mpaka nijitambulishe. Mtu akaniambia maziwa yanasafisha vumbi kifuani, nikanywa maziwa ya mgando asubuhi na jioni hadi suruali zikakataa kufungwa. Vumbi lilibaki palepale, sasa likiwa limenenepa pamoja nami.

Mahali pa kuvuta pumzi palikuwa pamoja tu: ndani ya tembe. Mle mlikuwa na kibaridi, sakafu imenyunyizwa maji, hewa imetulia na kunukia moshi kidogo, wala upepo haukuwa na habari za mle. Sikuweza kusema nakuja kupumua, kwa hiyo nilikwenda kumwamkia mama. Shikamoo ya asubuhi, shikamoo ya saa nne, shikamoo ya mchana, na nyingine alasiri kwa sababu nilipita karibu. Nikiitikiwa marahaba nilikaa kwenye kigoda na kuuliza habari za mbuzi mmoja mmoja. Siku moja mama alinitazama akasema, "Mwanangu, marahaba za leo zimeisha."

Ajabu ni kwamba vumbi hilo hilo ndilo lililonilisha. Redio zote zilizokuja kwangu zilikuwa na ugonjwa mmoja: vumbi limeingia kwenye kitufe cha sauti, ukikizungusha redio inakwaruza. Nilifungua, nikapuliza, nikapitisha brashi na petroli kidogo, nikarudishia. Chuma cha kulehemu nilikipasha kwenye jiko la mkaa, na redio nilizijaribu kwa betri ya gari. Mvua zikianza wateja hupungua. Kwa hiyo nilikuwa nikilitukana vumbi usiku na kuliombea asubuhi, na kati ya tukano na dua nilikuwa nikikohoa.

Ndiyo, nilianza kukohoa. Kikohozi kilianza mwezi wa nane wa mwaka ule wa kwanza, kikavu, cha alfajiri. Mke wangu nilimwandikia kila mwezi. Hewa ya hapa ni kavu, nikamwandikia, safi mno, wazungu wangeilipia. Mvua zilipokuja kifua kilitulia, nikamwita haraka haraka aje mwezi wa kwanza, aione Dodoma ikiwa imevaa vizuri. Mama yake akaugua mguu, safari ikaahirishwa. Ikaja tena Juni, na upepo wake, na kikohozi changu kikiwa kimekua. Sasa nikaanza kumzuia: usije bado, natengeneza chumba. Serikali ilikuwa ikihamia Dodoma kila mwaka na haifiki, na mke wangu nilikuwa nikimhamisha kwa utaratibu ule ule.

Katikati ya Agosti, siku ya upepo mbaya kuliko zote, aliteremka kwenye basi pale barabarani bila kunipa taarifa. Buibui lake lilikuwa limegeuka rangi ya matofali na nyusi zake zilikuwa na vumbi. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka, na papo hapo niliogopa kama mwizi.

"Ni leo tu," nikamwambia. "Vumbi hili ni la leo tu."

"Ndiyo," akasema, akapangusa uso.

Kesho yake nikasema ni wiki hii tu. Juma lililofuata nikasema ni mwaka huu tu, wazee wa hapa hawajapata kuona. Yeye alisema ndiyo, akafagia.

Shida ikawa kikohozi. Chumba kilikuwa kimoja na kilikuwa pia karakana yangu, kwa hiyo pa kukoholea hapakuwapo. Ndipo nikabuni hila ambayo niliiona ya kitaalamu. Meza yangu ilikuwa na redio tano sita muda wote. Nilipohisi kifua kinapanda nilinyoosha mkono, nikafungua redio iliyo karibu hadi mwisho wa sauti, nikainama chini ya meza nikakohoa, kisha nikainuka na kutikisa kichwa kama mtu anayepima spika. Taarabu iliniokoa, mahubiri yaliniokoa, mpira uliniokoa sana kwa sababu mtangazaji hakuwa akinyamaza. Mke wangu aliketi mlangoni akichambua mchele wa Bahi, hageuki. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza. Nilidhani anasoma nyiradi, dua zake za kimya.

Hila ilidumu wiki tatu. Ikafa mchana mmoja kwa sababu sikuangalia saa. Kikohozi kilinishika, nikazungusha kitufe hadi mwisho, nikapiga mbizi chini ya meza. Ilikuwa saa ya matangazo ya vifo. Sauti ya mtangazaji ikatoka dirishani kwangu, ile ya upole wa msiba, ikitangaza kwa mtaa mzima kifo cha mzee mmoja wa Bahi na orodha ya ndugu wanaopewa taarifa popote walipo. Nusu ya majirani zangu walikuwa na wakwe Bahi. Nilipoinuka niliona nyuso kumi kwenye dirisha la magharibi, wanawake wawili wameshika vichwa, na mama mwenye nyumba amesimama mbele na upawa mkononi.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hakuna, mama. Najaribu spika."

"Unajaribu spika kwa misiba ya watu?"

Nikafungua mdomo nijibu. Mke wangu akainuka mlangoni, akaja mezani, akazima redio. Kitufe kilikwaruza, kisha kukawa kimya. Lakini mimi nilikuwa sijamaliza, na kikohozi hakingoji redio. Kikanijia chote mbele ya hadhara, kimeniinamisha mikono magotini, machozi yananitoka. Kilipokoma watu walisema, "Pole, fundi," wakaondoka taratibu. Walikuwa wamenisamehe msiba. Mimi sikuona haya kwa ajili yao. Nilimwona mke wangu akienda kwenye begi lake, nikajua anafunga safari.

Hakutoa nguo. Alitoa barua zangu, zimefungwa kwa uzi. Akaketi kitandani, akatandaza buibui mapajani, akafungua moja na kuigonga kwa kidole. Vumbi jekundu likamwagika kutoka kwenye mkunjo, mstari mwembamba juu ya nguo nyeusi.

"Hii ni ya mwezi wa saba, mwaka jana," akasema. Akafungua nyingine, akaigonga. "Hii ya mwezi wa nane. Ya kwanza nilipoifungua, mama alidhani watuletea dawa ya mganga."

Akafungua ya tatu, akaweka kidole kwenye maandishi.

"Na hapa, tazama. Mstari umeruka. Na hapa tena, umeandika hewa safi na mkono umeruka katikati ya neno. Babangu mwaka wake wa mwisho aliandika hivi hivi."

"Kwa hiyo ulijua."

"Tangu mwaka jana."

"Na ulisema hukai na mwanamume wa kukohoa."

"Nalisema."

"Mbona ukaja?"

Akakunja barua kwanza, akaifunga na wenzake. "Kwani ningekwacha ukohoe peke yako na redio?" Kisha akakasirika kweli, nami sikuwa nimepata kumwona amekasirika vile. "Babangu alikuwa akikohoa ndani ya mto ili tusisikie. Tulipokuja kusikia, daktari akasema mumechelewa. Vumbi si kosa lako. Nilipozisoma barua hizi sikulia kwa vumbi. Kunificha ndiko kulikonitoa kwetu. Kesho twenda hospitali, na ukinificha tena, hapo ndipo utakapoona mgongo wangu."

Nililia. Nasema wazi, nililia kama mtoto, na kulia kukaamsha kikohozi, ikabidi anipige mgongo.

Hospitalini walinipima makohozi, wakanipiga picha ya kifua, wakaniweka kwenye benchi siku nzima, saa ndefu kuliko zote maishani mwangu. Hakikuwa kifua kikuu. Daktari alisema mirija ya hewa imechoka na vumbi, akaniandikia dawa, halafu akauliza nalala chumba cha namna gani. Nikamweleza dirisha langu. Akaacha kuandika. "Upande wa mashariki?" akauliza, kwa sauti ile ile ya mama mwenye nyumba.

Asubuhi iliyofuata mke wangu alinishika mkono tukaenda uani. Shikamoo yangu ilikuwa ya kweli safari hii.

"Mama," nikasema, "lile dirisha. Naomba kuliziba."

Mama hakucheka. Alitupeleka nyuma ya tembe, akainua lile bati kuukuu. Matofali yalikuwa pale, yamepangwa vizuri, makavu, hakuna hata moja lililovunjika.

"Ulijua nitayataka," nikasema.

"Mpangaji aliyekutangulia alitoka Tanga," akasema. "Naye alitoboa hapo hapo. Yeye alikaa miaka minne ndipo akaja kuyaomba. Wewe umewahi."

Ndipo nilipofahamu kwa nini matofali yalitoka bila nyundo. Mke wangu alijiziba uso kwa ukaya wake wa kichwani, mabega yakimcheza, akacheka kwa mara ya kwanza tangu ateremke kwenye basi.

Nilikanda udongo kwa miguu, suruali imekunjwa, na majirani wakapita wakisema Bwana Upepo leo anafunga duka. Mke wangu alisimama ndani akipokea matofali na kuyapanga, kwa kuwa mimi daktari alinikataza kuinama mno. Ukuta ulipanda. Tulipobakisha tofali moja kikohozi kilinishika. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kutafuta kitufe cha redio, ukakuta udongo mbichi. Basi nikakohoa, wazi, juani, hadi kikaisha. Kwenye kile kitundu kilichobaki niliuona uso wa mke wangu, ameshika tofali la mwisho, midomo yake ikicheza kama siku zile za mchele. Safari hii nilimsikia. Alikuwa akihesabu.

"Kumi na moja," akasema. "Jana zalikuwa kumi na tisa."

Akaliweka tofali mahali pake.